Usinunue hiyo nebulaiza ya begi la dharura

Dada wa Bamburi unayeuliza ununue nebulaiza ipi, ile mashine ya stima inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, ya kuweka kwenye begi la dharura la mwanao mwenye pumu: usinunue. Nimesoma ulivyoandika "jioni napita dukani" nikaacha mchuzi jikoni uungue. Usipite.

Umesema unajipanga kwa mafuriko, na pia kwa balaa kama lile la Kikambala la 2002, hoteli ilipolipuliwa kwa bomu. Haya. Mafuriko yakija Mombasa, ni kitu gani kinachoondoka cha kwanza? Stima! Mawingu yakikusanyika tu upande wa bahari, yenyewe ishaaga. Na wewe wataka pumzi ya mtoto itegemee soketi.

Mimi niliinunua. Shilingi elfu sita na ushee, na kimaski chake chenye picha ya samaki. Kijana wa duka la dawa, koti jeupe limepigwa pasi, akaniambia, "Mama, ukiwa na hii umeihamishia hospitali nyumbani." Nikamuuliza, inhela je, ile ya bluu ya kupuliza dawa kwa kubonyeza? Akacheka. Ati inhela ni ya watu wazima, mtoto wa miaka mitano hataiweza. Uongo mtupu, na aliusema huku anaandika risiti. Mtoto mdogo kweli hawezi kuivuta inhela moja kwa moja mdomoni, lakini ndiyo maana kuna spesa, ule mrija mpana unaokaa kati ya inhela na mdomo. Spesa alikuwa nayo, kwenye rafu nyuma ya kichwa chake. Hakunionyesha kwa sababu haifiki elfu sita, basi.

Zikaja mvua za El Niño, Novemba 2023. Sisi tuko Kisauni, sehemu ambayo maji yakishaingia hayana haraka ya kutoka. Usiku stima ikapotea, ukuta ukalowa, mtoto akaanza kile kikohozi kikavu, kisha kifua kikaanza kupiga filimbi. Nikaitoa mashine kwenye begi kwa madaha yote. Nikatia dawa. Nikamvisha samaki wake. Babake akaniuliza, kwa ule upole wake wa kuudhi, "Sasa waichomeka wapi?"

Jirani mwenye jenereta, jenereta yake ilikuwa imezama pamoja na pikipiki. Tuktuk hakuna anayekubali kuingia kwenye maji. Babake akambeba mtoto mabegani, maji yapita magoti, nami nyuma na mashine kichwani. Ndiyo, niliibeba, msinicheke, nilikuwa bado nadaiwa pesa zake. Njiani mtoto hakuweza kumaliza sentensi. Anasema "mama", anavuta pumzi, anasema "mama" tena. Mbavu zaingia ndani kila akivuta. Mkiona hivyo, au midomo ikigeuka rangi, msikae kujadiliana, ni hospitali.

Zahanatini palikuwa na kurunzi na muuguzi mmoja. Hakuiangalia hata mara moja mashine yangu. Alichukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, akapasha kisu kwenye mshumaa, akatoboa kitako, akaingiza mdomo wa inhela humo na kuzungushia plasta pasivuje hewa. Mtoto akashika shingo ya chupa kwa midomo. Mpulizo mmoja, avute na kutoa pumzi taratibu mara kadhaa. Inhela itikiswe, mpulizo mwingine. Kifua kikaanza kufunguka. Elfu sita zangu zimelala sakafuni, mtoto anatibiwa kwa chupa iliyookotwa.

Nilidhani ni uganga wa shida. Kumbe madaktari wa Cape Town waliijaribu chupa hiyo hiyo kwa watoto walioshikwa na pumu, wakachapisha matokeo mwaka 1999: ikizibwa vizuri inafanya kazi sawa na spesa ya dukani. Na shambulio la pumu likiwa si kali kupindukia, inhela na spesa haziko nyuma ya nebulaiza. Lile kali linataka oksijeni na daktari, na hapo mashine yako ya nyumbani haikutoshi hata stima ikiwako.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na sitoki hapo: kinachotaka stima hakiingii kwenye begi la mtoto. Jirani yangu mwingine ana binti mwenye kisukari, anayetumia insulini, dawa inayotaka ubaridi. Friji ikizima yeye huipoza kwa chungu ndani ya chungu, katikati mchanga mbichi, kivulini. Na simu nayo inataka stima. Wewe umeandika kwamba dozi zote umezipiga picha simuni. Ziandike kwenye karatasi, uitie nailoni: uzito wa mtoto, dawa, kipimo, tarehe. Uzito hasa, maana dawa za watoto zinapigwa kwa kilo. Hata Panadoli tu, dozi moja ni kama miligramu 15 kwa kila kilo, na huyo anayempokea mwanao usiku wa vurugu hamjui wala hana mizani. Uzito ubadilishe kila ukitoka kliniki, si ule wa mwaka juzi.

Hilo la Kikambala ni vilevile. Hoteli ile iliungua, na moshi kwa mtoto ni mbaya zaidi kwa sababu anahema haraka kuliko sisi. Utakimbia na mashine na waya wake? Inhela inaingia mfukoni. Nunua mbili, moja ikae kwa mwalimu wake, nyingine kwenye begi, pamoja na spesa yenye maski ikiwa bado mdogo. Zisikae ndani ya gari juani. Na hesabu mipulizo, inhela nyingi zina 200, ikiisha dawa bado inaendelea kupuliza hewa ukadhani iko sawa. Daktari wake akuandikie mipulizo mingapi na kila baada ya muda gani. Mimi si daktari, mimi ni mteja aliyelia.

Kama ushanunua na nailoni hujaing'oa, rudisha leo na risiti. Ukiwa ushaing'oa, nicheki faraghani. Yangu ipo kabatini na samaki wake, tuziuze mbili kwa mpigo kwa mtu mwenye sola.