Barua kwa mwanangu: kiinua mgongo cha mzee na nakala elfu moja

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, baba. Ujumbe wako nimeusoma, nikaona jibu lake halitoshi kwenye simu. Unasema mwalimu mstaafu amekuja ofisini kwako hapo Arusha na mswada wa riwaya. Anataka nakala 1,000, na tafsiri ya Kiingereza juu yake, na fedha za kiinua mgongo anazo mkononi. Unaniuliza: "Mama, fedha ni zake na kitabu ni chake. Mimi ni nani nimkatalie?"

Kitabu usimkatalie. Mkatalie idadi.

Mchapishaji wa kawaida hutoa mtaji wake mwenyewe, kwa hiyo kitabu kisipouzika anayeumia ni yeye. Kwetu sisi tunaowahudumia waandishi wanaojichapishia, mwandishi ndiye anayelipa. Unapata faida yako kabla msomaji hata mmoja hajatoa shilingi. Nakala za mzee zikilala kwenye maboksi chumbani kwake, wewe kodi ya ofisi umeshalipa. Hapo ndipo ninapotaka uwe macho, maana hakuna wa kukuzuia. Mzee amefurahi, anaona jina lake juu ya jalada. Mchapaji, yule mwenye mashine, naye anapenda oda kubwa. Anayeijua hesabu yote ni wewe peke yako, na ukinyamaza, mzee hana mwingine wa kumwambia.

Kwa hiyo mwekee hesabu mezani. Tarakimu hizi ni za mfano tu, wewe weka za mchapaji wako. Tuseme kwenye ofseti, yaani mashine kubwa inayochapa kwa pleti (bamba za chuma zenye kurasa), pleti na matayarisho ya mashine ni shilingi 900,000, kisha kila nakala ni 2,500. Kwenye dijitali, inayochapa moja kwa moja kutoka kwenye faili la kompyuta, hakuna pleti, lakini kila nakala ni 7,000. Kwa nakala 200, njia zote mbili zinafika 1,400,000. Chini ya hapo dijitali ni nafuu, juu ya hapo ofseti inashinda. Kwa nakala 1,000 ofseti inampa kitabu kwa 3,400, na hapo ndipo wengi wananaswa, kwa sababu wanaitazama ile 3,400 na kuisahau 3,400,000 iliyotoka mfukoni. Akiuza nakala 150, na kwa mwandishi asiyejulikana hizo si haba, kila iliyouzwa imemgharimu zaidi ya 22,000. Hapo bado duka halijachukua chake. Vitabu vya watu kama yeye maduka huvipokea kwa mali kauli: hulipi kuviweka, nao hawakulipi mpaka viuzwe, na vikiuzwa wanakata asilimia yao. Akienda kudai baada ya miezi sita, nauli nayo ni gharama.

Mwombe akae nyumbani aandike kwa mkono wake majina ya watu atakaowauzia. Wanafunzi wake wa zamani, walimu wenzake, watu wa kanisani, ukoo. Akimaliza, mwambie aweke alama kwa wale watakaotoa fedha taslimu, siyo wale watakaosubiri zawadi. Idadi itakayobaki ndiyo ya kuanzia. Mafaili yatakuwepo, na zikiisha nyingine zinachapwa wiki hiyohiyo.

Utaniuliza sasa wewe utakula nini. Toza kazi yako: uhariri, usomaji wa prufu (kurasa zilizopangwa, kusaka makosa ya mwisho kabla ya kuchapa), upangaji wa kurasa, jalada. Kila kimoja kiwe na mstari wake na bei yake kwenye ankara. Gharama ya mchapaji mpitishie kama ilivyo, na risiti umwonyeshe. Ukiificha faida yako ndani ya nakala, kesho na wewe utaanza kutamani ziwe nyingi, na ushauri wako hautakuwa safi tena hata kama moyo wako ni mwema. Mimi nimeendesha ofisi yetu hivyo hapa Dar miaka yote uliyokuwa unasoma, na ada yako ililipwa.

Atakachookoa kwenye uchapaji, mshawishi akiweke kwenye uhariri. Riwaya ya mtu aliyefundisha maisha yake yote huwa na lugha safi na sura tatu za mwanzo zisizohitajika. Ampate mhariri atakayemwambia hivyo kwa heshima, na asiwe huyohuyo anayepanga kurasa. Prufu isomwe na mtu wa tatu ambaye hajawahi kuuona mswada.

Namba ya ISBN ombeni Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kwa jina la mzee kama mchapishaji, siyo kwa jina la ofisi yako. Zetu huanza na 978, kisha 9976, 9987 au 9912, utazitambua. Mweleze pia kwamba namba hiyo hailindi haki yoyote, inakitambulisha kitabu tu, na tafsiri itahitaji namba yake, na kitabu cha kielektroniki yake. Hakimiliki anayo tangu alipoandika. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999 inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo wanawe na wajukuu wamo ndani ya mkataba wako hata kama hawajui. Andika wazi kwamba haki zote zinabaki kwake, na kwamba mafaili ya kurasa na jalada anakabidhiwa siku anapomaliza kulipa. Kuna ofisi zinazoyashikilia mafaili ili mwandishi arudi kwao kila anapotaka kuchapa tena. Sitaki kusikia hivyo juu yako.

Sasa tafsiri, ambayo kwa kweli ndiyo iliyoniogopesha zaidi. Riwaya ya maneno 50,000, kwa mfano wa shilingi 100 kwa neno, ni milioni tano, zaidi ya uchapaji wote. (Hesabuni maneno ya mswada wa asili, idadi ijulikane kabla kazi haijaanza.) Na nani ataisoma? Wasomaji wake niliowataja wote wanasoma Kiswahili. Tafsiri huenda mbali pale upande wa pili ukiwa na mtu anayeisubiri. Tazama Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar: riwaya yake ya Kiingereza ya mwaka 1994 imekuja kusomwa kwa Kiswahili mwaka 2022, alipoitafsiri Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, baada ya yeye kushinda Nobel ya Fasihi ya 2021. Kama kwa jina hilo ilichukua muda huo, mzee wetu asiweke kiinua mgongo chake hapo kwa matumaini.

Mpe njia ya katikati: muhtasari wa kurasa mbili na sura moja kwa Kiingereza, vya kupeleka kwa wachapishaji wa nje. Ifanye kazi hiyo mtu anayeandika Kiingereza kwa raha, siyo anayekijua tu. Ukiamua kutumia programu ya kutafsiri kisha mtu akasahihisha, mzee aambiwe kabla, na bei ishuke. Mfasiri naye ana haki katika tafsiri yake. Muwekeane mkataba kwa maandishi, na jina lake likae penye kuonekana.

Jambo moja la haraka. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyowapata washindi wake wa kwanza mwaka 2023, na riwaya za Kiswahili zimo. Yasome masharti pamoja naye kabla hamjachapa chochote, kwa sababu kitabu kilichokwisha kutoka kinaweza kukosa nafasi ambayo mswada ungeipata. Ikibidi asubiri, asubiri. Utakosa kazi ya mwezi huu, najua, na ninajua kodi ya Arusha.

Akija tena usipokee fedha siku hiyo. Mpe karatasi ya hesabu aende nayo, aisome na mkewe, maana kiinua mgongo hicho ni cha wote wawili. Akirudi, pokea malipo ya uhariri peke yake. Rasimu ya mkataba nitumie kabla hamjasaini, nitaipitia usiku huohuo.

Mama yako