Mbeba vyuma aliyeikabili KGB

SWALI: Shikamoo mhariri, babu anasema kuna mnyanyua vyuma wa Urusi aliwasema KGB, yaani idara ya usalama na ujasusi ya Sovieti, hadharani tena mbele ya wakubwa, ni kweli au stori za kijiweni tu?

JIBU: Marahaba mwanangu, babu yuko sahihi kabisa. Ni Yury Vlasov, dhahabu ya uzito wa juu Olimpiki ya Roma 1960, Tokyo 1964 akazidiwa na Leonid Zhabotinsky akapata fedha. Baadae akawa mwandishi, akachaguliwa mbunge, na tarehe 31 Mei 1989 akapanda jukwaani tivii inarusha laivu akaichana KGB, akataka hata makao yao yatolewe pale Lubyanka katikati ya Moscow. Sovieti ile jamani! Mi namheshimu zaidi kwa hotuba ile kuliko vyuma vyote alivyobeba. 1996 akagombea urais, akaambulia kura chache sana.