Maswali na Majibu: Begi la pikipiki lisiloingiza maji kwa safari fupi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Ninaishi Tabata, na kila Ijumaa jioni ninakwenda Bagamoyo kwa pikipiki yangu ya cc 150, kisha ninarudi Jumapili. Ninabeba nguo za siku mbili, viatu na kompyuta mpakato. Mwezi wa nne nilinunua Kariakoo begi la zipu la lita 40, lililoandikwa kwamba haliingizi maji, lakini mvua iliyonikuta Mapinga ililowanisha nguo zote za chini, na kona yake ya kulia imeungua kwa ekzosi. Kompyuta ilinusurika kwa sababu niliifunga kwenye mfuko wa rambo wa zamani. Ninunue begi la aina gani, la ukubwa gani, na nilifunge vipi? Wakati mwingine mke wangu huwa amekaa nyuma.

JIBU: Ndugu msomaji, katika maelezo yako neno lililonisaidia kuliko mengine yote ni “za chini”. Kama maji yangeingia kwa zipu ya juu, nguo za juu ndizo zingetangulia kulowana. Zilizolowa ni za chini, kwa hiyo naamini maji mengi yalitoka barabarani, yakarushwa na tairi la nyuma, yakakipiga kitako cha begi na kupenya kwenye mshono. Mimi kazi yangu ni kushona turubai, viti vya pikipiki na mabegi, na katika mabegi yanayoletwa kwangu kwa malalamiko kama yako, kitambaa chenyewe ni nadra kuwa na kosa. Maji hupita mshononi au mdomoni.

Hesabu yake ni rahisi. Mshono wa sentimita 60 uliopigwa kwa hatua ya milimita 4 una matundu 150 ya sindano. Begi lenye mishono minne ya urefu huo lina matundu 600, na ndani ya kila tundu umepita uzi ambao, ukishalowa, huvuta maji kuelekea ndani kama utambi wa taa unavyovuta mafuta. Kiwandani wengine huyaziba matundu hayo kwa utepe unaobandikwa kwa joto upande wa ndani, na utepe huo hufanya kazi vizuri ukiwa mpya. Lakini jua la Dar es Salaam na kukunjwakunjwa kila wiki huulegeza kwenye kona, na kona ndiyo inayoanza kuvuja. Begi la kutegemewa ni lile ambalo vipande vyake havikushonwa kabisa bali vimeyeyushwa pamoja kwa joto. Ili kulitambua, ligeuze ndani nje dukani: utaona ukanda bapa ambapo kitambaa kimelaliana na kitambaa, bila uzi wowote. Jaribu kuubandua ukanda huo kwa ukucha. Ukiinuka hata kidogo, lirudishe begi mahali pake. Angalia pia mikanda na vishikio, kwa sababu kuna watengenezaji wanaounganisha mwili wa begi kwa joto, kisha wanashona kishikio moja kwa moja juu ya mwili huo na kutoboa kile walichokuwa wamekiziba.

Mvua ya barabarani ni tofauti na mvua ya barazani. Tone kubwa la mvua huanguka kwa mwendo wa takribani mita 9 kwa sekunde, na pikipiki inayokwenda kilomita 80 kwa saa husonga mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo kwako wewe uliye juu ya kiti mvua haitoki juu tena, inatoka mbele karibu kwa ulalo. Ndiyo maana vile vifuniko vya mvua vya kuvalisha juu ya begi, ambavyo wauzaji huvisifu sana, mimi sivipendekezi: upepo huingia chini yake na kukitunisha kifuniko mpaka kichomoke, na kisipochomoka huwa bakuli la kukusanyia maji ya tairi.

Juu ya baadhi ya mabegi utaona herufi IPX zikifuatwa na tarakimu. Kipimo hicho kimetoka kwenye kanuni ya kimataifa ya IEC 60529, ambayo iliandikwa kwa ajili ya maganda ya vifaa vya umeme, na watengenezaji wa mabegi wakaiazima. IPX4 maana yake ni kwamba kitu kimestahimili maji ya kurushwa kutoka pande zote. IPX6 ni maji ya nguvu, lita 100 kwa dakika, yanayotoka kwenye mdomo wa milimita 12.5. IPX7 ni kuzamishwa hadi kina cha mita 1 kwa dakika 30. Wengi hudhani tarakimu kubwa imekwishabeba zile ndogo, kumbe si daima, maana kitu kilichofaulu kuzamishwa kwenye maji yaliyotulia si lazima kiwe kimejaribiwa kwa maji yanayopiga kwa nguvu. Kwa njia ya Bagamoyo mimi ningechagua IPX6 kabla ya IPX7, kwa kuwa wewe unarushiwa maji na tairi na malori, huzami. Maneno matupu kwamba begi “haliingizi maji”, bila tarakimu yoyote, yachukulie kama tangazo la biashara.

Kuhusu mdomo, chukua begi la kukunja, yaani lisilo na zipu, ambalo mdomo wake hukunjwa na kufungwa kwa bizimu. Zipu nyingi zilizopakwa mpira huzuia manyunyu tu, na zile zinazofunga maji kwelikweli ni ghali, zinahitaji kupakwa mafuta yake mara kwa mara, na chembe chache za mchanga wa pwani zinatosha kuziharibu. Begi la kukunja halina kitu cha kuharibika isipokuwa bizimu ya plastiki. Toa hewa kwa kulikumbatia begi, linganisha midomo miwili isiwe na kikunyanzi, kunja mara tatu kwa uchache, kisha funga bizimu. Mkunjo mmoja haufungi kitu. Anayekunja mara moja tu, kwa sababu amejaza begi kupita kiasi, huwa amenunua begi zuri na kulitumia kama gunia.

Hapo tunaingia kwenye ukubwa. Mikunjo mitatu ya sentimita 4 hula sentimita 12 za urefu, na kwa begi la duara lenye kipenyo cha sentimita 28 hasara hiyo inazidi kidogo lita 7. Wauzaji wengine huandika ujazo wa begi likiwa wazi, kwa hiyo uliza, au pima mwenyewe. Weka nguo zako, viatu na kompyuta kwenye boksi la kartoni mpaka vikae bila kukandamizwa, zidisha urefu kwa upana kwa kimo kwa sentimita, gawanya kwa 1,000, na jibu ni lita unazohitaji. Mizigo ya siku mbili uliyoitaja sidhani kama itazidi lita 22, kwa hiyo begi la lita 30 litakutosha hata baada ya kukunjwa. Lile lako la lita 40 lilikuwa kubwa mno: begi lisilojaa halina umbo, mkanda haulishiki sawasawa, nalo hujikokota kuelekea upande wenye mteremko, na kwako upande huo ulikuwa wa ekzosi.

Malighafi sitaizungumzia sana. Turubai la PVC, ndugu wa yale yanayofunika malori, ni zito na ni gumu kukunja lakini huvumilia kusuguliwa na ni rahisi kubandika kiraka. Kitambaa chenye utando wa TPU, plastiki inayonyumbulika kama mpira, ni chepesi na laini zaidi, na bei yake ni kubwa. Ninachokuonya ni nailoni yenye utando mwembamba wa PU (poliyurethani) uliopakwa upande wa ndani, maana joto na unyevunyevu wa pwani hii huuvunjavunja utando huo taratibu hata begi likiwa limehifadhiwa kabatini: kwanza hunata, kisha hutoa magamba kama ngozi iliyoungua.

Kuna watakaokushauri ufunge sanduku gumu la plastiki nyuma, kama ya wapeleka vyakula. Lina faida ya kufuli. Lakini hewa iliyopata joto juani husinyaa ghafla mvua ya baridi inapolipiga sanduku, nalo hunyonya maji kupitia mpira wa mfuniko kama mpira huo umechakaa, na zaidi ya hayo linaning'iniza uzito nyuma ya ekseli ya tairi.

Uzito huo ndio sababu ninataka, ukiwa peke yako, uliweke begi juu ya kiti cha abiria, limekugusa mgongoni, wala si kwenye keria. Mzigo ulio nyuma ya ekseli hulinyanyua gurudumu la mbele, na usukani mwepesi kwenye lami iliyolowa si kitu cha kuchezea. Viatu na vitu vizito vikae chini. Kompyuta isimame katikati, imezungukwa na nguo. Usiibebe mgongoni kwako kwa kudhani ni salama zaidi. Ukianguka, utaangukia kitu kigumu kilichokaa juu ya uti wa mgongo. Begi lilazwe kwa upana. La lita 30 la kipenyo nilichokitaja lina urefu usiofika sentimita 50, kwa hiyo halitoki nje ya upana wa usukani.

Tumia mikanda miwili bapa yenye upana wa milimita 25, iliyofumwa kwa poliesta. Nailoni hunywa maji na kurefuka, kwa hiyo mkanda ulioukaza Tabata ukiwa mkavu utakuwa umelegea ukifika Tegeta na mvua. Mkanda mmoja ulivute begi kuelekea mbele na mwingine kuelekea nyuma, na yote miwili ishikwe kwenye fremu au vishikio vya chuma, kamwe isishikwe kwenye plastiki za pembeni wala kwenye indiketa. Mipira ya tyubu wanayotumia vijana wa bodaboda naiheshimu, kwani nimeona ikibeba mitungi ya gesi na hata mbuzi, lakini mpira hurefuka kila unapopita tuta, na begi lililolegea kwa sekunde moja linatosha kuhama. Ifunge juu ya mikanda ukitaka, isiwe badala yake. Kulabu za mipira ya kuvuta nazo ziepuke: ikichomoka usoni, jicho halina spea. Ncha za mikanda zinazobaki zikunje na kuzifunga. Mimi niliwahi kuacha moja ikining'inia kwa uvivu wa dakika moja, ikaingia kwenye mnyororo, na begi likaburuzwa mpaka gurudumu lilipokataa kuzunguka. Nilinusurika kwa sababu nilikuwa ndio kwanza naondoka taa za Ubungo. Simama baada ya kilomita kumi hivi, kwa njia yako labda Mwenge, ukaze tena, kisha ujaribu usukani kushoto na kulia.

Kona iliyoungua ilikuwa na sababu moja tu. PVC huanza kulainika kwenye nyuzi joto 80 hivi, nayo ekzosi hupita kiwango hicho kwa mbali. Acha nafasi ya kiganja kizima kati yake na begi, ukiipima pikipiki ikiwa imebeba mzigo na wewe umekaa, kwa sababu shokapu zikishuka nafasi hiyo hupungua.

Mama akiwa nyuma, mpango wote hubadilika. Kiti si chako tena. Hapo tumia begi dogo la lita 10 hadi 15 juu ya keria, lenye vitu vyepesi tu, baada ya kusoma kwenye keria yenyewe au kwenye kitabu cha pikipiki ni kilo ngapi inaruhusiwa kubeba. Kompyuta ibaki nyumbani au iingie kwenye begi la juu ya tangi, ilimradi usukani uzunguke mpaka mwisho pande zote bila kuligusa. Mabegi ya pembeni yasiyo na fremu ya kuyazuia yasiingie kwenye gurudumu sikushauri hata kidogo. Upepo wa tairi la nyuma uujaze kwa kipimo cha watu wawili kilichoandikwa kwenye kitabu hicho.

Begi la zamani usilitupe. Lifanye ganda la nje, na ndani yake uweke mfuko mwepesi wa kukunja mdomo. Rambo ulilolitegemea limekwishapigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na hilo moja ulilobaki nalo halitadumu. Kumbuka vilevile kwamba begi lisiloingiza maji halitoi maji pia: taulo moja bichi la ufukweni Bagamoyo, likifungiwa humo saa mbili, litalowanisha shati la Jumatatu. Kitu kibichi kifungwe nje.

Utakaponunua jipya, lijaribu kama fundi pancha anavyojaribu tyubu. Likunje likiwa limejaa hewa, lizamishe kwenye beseni, libonyeze, na popote yatakapotoka mapovu weka alama ya kalamu. Kwa PVC, kiraka cha turubai chenye kona za mviringo, kilichopita tundu kwa sentimita 3 kila upande na kubandikwa kwa gundi ya PVC, kitashika. Solusheni ya pancha itabanduka. Dukani ambako hakuna beseni, lijaze hewa, likunje, lilalie kwa kifua, na upitishe shavu karibu na kila kona: upepo mdogo huhisiwa na ngozi kabla sikio halijausikia.