Kwa Wanaoanza Kurekodi Udi na Sauti Hapa Unguja

Kila mwaka huja vijana wawili watatu kwenye chumba ninachofanyia kazi Mji Mkongwe wakitaka kujifunza kurekodi, na swali lao la kwanza huwa ni programu ipi iliyo bora. Huwajibu kwamba Reaper, Cubase, Ardour na nyenginezo zote zina kazi moja ya msingi, nayo ni kupokea sauti iliyokwisha kugeuzwa kuwa namba, kuiandika kwenye diski na kuirudisha kama ilivyoingia. Chagua moja ambayo kompyuta yako inaimudu, kaa nayo mwaka mzima, na akili yako uipeleke kwenye mambo yaliyo nje ya kompyuta, maana huko ndiko rekodi nyingi za wanaoanza, zikiwemo zangu za mwanzo, zilikoharibikia.

Chumba ndicho kinachonisumbua zaidi kuliko kifaa chochote. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti zilizo juu, na sakafu ngumu. Kuta hizo huzuia vizuri kelele za njiani, lakini ndani sauti hugonga na kurudi. Mwimbaji husikia raha kuimba humo kwa sababu sauti yake inamjaa masikioni, ila maiki hunasa neno pamoja na mwangwi wake, na mwangwi ukishanaswa hakuna namna ya kuutoa wote bila ya kuijeruhi sauti yenyewe. Kabla ya kufungua kompyuta, simama katikati ya chumba upige kofi moja, kisha usikilize kinachobaki. Ukisikia mlio unaotetemeka baina ya kuta mbili, hapo bado hapajawa tayari.

Dawa tunayo majumbani. Godoro la sufi ni zito na nene, na kwa uzoefu wangu linameza sauti vizuri kuliko sponji nyembamba zinazobandikwa ukutani, ambazo hupunguza sauti kali za juu tu na kuuacha mvumo wa chini ukizunguka. Wengi huliegemeza godoro nyuma ya maiki peke yake. Wanasahau kuwa maiki inayosikia zaidi upande wa mbele imemwelekea mwimbaji, kwa hivyo ukuta inaousikia sana ni ule ulio nyuma ya mgongo wake. Simamisha magodoro mawili nyuma ya mwimbaji kwa umbo la pembe, tandika zulia chini, na umuepushe na kona ya chumba. Zima feni na friji. Ikiwa juu ni bati na mvua za masika zimeanza, ahirisha kazi. Mimi hupenda kurekodi baada ya sala ya Isha, mji unapokuwa umetulia, na adhana inapoanza tunasimamisha kazi bila ya kusubiri ubeti umalizike.

Baada ya chumba, jifunze kiwango cha sauti inayoingia. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilirekodi jioni nzima ya ganuni na udi, vyombo vya nyuzi vya taarab, huku nikiipandisha sauti ya maiki hadi taa ya kijani ikakaribia nyekundu, nikiamini kwamba sauti kubwa ndiyo sauti nzuri. Kila mpigaji alipokolea, kilele cha sauti kilivuka sifuri ya mita, yaani alama ya juu kabisa ya kipimo cha sauti. Katika rekodi ya kidijitali juu ya sifuri hapana nafasi yoyote, hivyo kilele kinakatwa na kinachobaki ni mkwaruzo. Mzee aliyepiga udi usiku ule hakujaaliwa kurudi tena kurekodi, na rekodi ile ninayo mpaka leo nikiwa siwezi kuitengeneza. Hilo linaniuma, ndiyo maana huwakazania wageni: weka rekodi yako katika biti 24 (biti ni tarakimu zinazoandika kila kipimo cha sauti), kisha ushushe kiwango mpaka vilele vya juu kabisa viguse baina ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 12 na 6 chini ya sifuri. Kila biti moja huongeza takriban desibeli 6 za nafasi baina ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, kwa hivyo biti 16 hukupa kama desibeli 96 na biti 24 kama 144. Ukirekodi kwa upole hupotezi kitu, na kuipandisha sauti baadaye ni kazi ya dakika moja. Unapompima mwimbaji, mwambie aimbe kiitikio anachokiimba kwa nguvu zote, kwa sababu akikuhesabia moja mbili tatu kwa adabu atakudanganya bila ya kukusudia.

Udi una tundu kubwa lililopambwa, na macho humvuta anayeanza aielekeze maiki hapo. Hapo ndipo penye mvumo mwingi kuliko mahali pengine. Isogeze iangalie sehemu ambayo shingo inakutana na tumbo la udi, umbali wa kiasi cha sentimita 30, halafu vaa hedifoni na uihamishe kidogo kidogo huku mpigaji akiendelea, mpaka mguso wa nyuzi na ujazo wa mti vipatane. Kwa mwimbaji, karibia sentimita 20 zinatosha. Akiibusu maiki, sauti za chini hujaa kupita kiasi, na maneno yenye p na b, kama vile pendo na peponi, hupiga kishindo cha pumzi. Soksi ya nailoni iliyovutwa juu ya duara la waya, ikawekwa baina ya mdomo na maiki, huzuia kishindo hicho.

Mwimbaji akilalamika kwamba anajisikia kwa kuchelewa, tazama bafa ya programu, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuishughulikia. Sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 1,024 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde ni kama milisekunde 21 kwa upande mmoja tu, wa kuingia au wa kutoka, na hilo linatosha kumvuruga. Shusha hadi 128 wakati wa kurekodi, kisha uipandishe wakati wa kuchanganya.

Sasa nije kwenye programu za kusahihisha sauti, ambazo naziona zikiharibu kazi nzuri. Zikiachwa katika mpangilio wake wa kawaida, huigawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa, kama kinanda. Lakini maqamu (mpangilio wa sauti katika muziki wa Kiarabu) ya Rast, kwa mfano, ina sauti ya tatu inayokaa baina ya mbili za kinanda, na taarab asilia iliyofuata mwendo wa Misri inaitumia kwa makusudi. Udi na fidla havina vigawanyo shingoni, kwa hivyo mpigaji anaiweka pale anapotaka. Programu huiona kama kosa, inaivuta juu au chini, na ladha yote inaondoka. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hapakuwa na chombo cha kumsahihisha: upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu, na kilichoimbwa ndicho kilichobaki. Ukiwa na shaka na sauti fulani, muulize maalimu wa kikundi kabla ya kuigusa. Vivyo hivyo usimlazimishe mpigaji afuate mlio wa kuhesabia mapigo katika taksimu, yaani upigaji wa chombo kimoja wa kubuni papo hapo, kwa kuwa hiyo haina mapigo ya kuhesabika.

Yaliyobaki ni ya utunzaji. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu, na maiki za kondensa (zile nyepesi kuhisi zinazohitaji umeme) zikilowa huanza kutoa milio ya kuchanika, kwa hivyo zihifadhi katika kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya makasha ya viatu. Waliokuwepo Unguja katika giza la mwaka 2008, na lile lililoanza Disemba 2009 likaingia mwaka uliofuata, hawahitaji kuelezwa kwamba umeme unaweza kuondoka. Rekodi kwa kompyuta ya mapajani yenye betri nzima, na uiweke programu ijihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache. Traki moja, yaani mstari mmoja wa sauti katika rekodi, hula karibu megabaiti 9 kwa dakika, kwa hivyo traki nane za saa nzima ni zaidi ya gigabaiti 4. Nunua diski mbili, unakili usiku huo huo kabla ya kulala, na moja isikae nyumba moja na nyengine. Ya kwangu ya pili iko kwa dada yangu, Fuoni.