Ukitaka kuuelewa uzito, ingia kwenye lifti na mizani

Kwa miaka mingi, nilipokuwa nikiwasaidia watoto wa ndugu zangu masomo ya fizikia, niliwaambia kwamba lifti ikipanda mtu huwa mzito na ikishuka huwa mwepesi. Maelezo hayo ni nusu tu ya ukweli, na nusu niliyoiacha ndiyo iliyowakosesha maswali. Niligundua kosa langu siku niliposimama na mpwa wangu kwenye lifti ya jengo moja la ghorofa pale Kariakoo, yeye akiwa juu ya mizani, akaniambia: "Mjomba, bado tunapanda, lakini mshale unarudi nyuma."

Kabla lifti haijaondoka, mizani ilisoma kilo 50. Ilipoanza kupanda, mshale uliruka hadi karibu na 55, ukarudi kutulia kwenye 50 muda wote tulipokuwa tukizipita ghorofa za katikati, kisha ukashuka hadi 45 hivi tulipokaribia kusimama. Ndivyo inavyotarajiwa kwa mchapuko (yaani kasi inavyobadilika kila sekunde) wa takriban mita 1 kwa sekunde kwa sekunde, kwa kuwa mchapuko wa mvutano wa dunia ni 9.8, na mita 1 ni kama sehemu ya kumi yake. Mwili wa kijana haukuongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni nguvu ambayo sakafu ilimsukumia juu, na msukumo huo ndio unaohisiwa miguuni na kusomwa na mizani.

Kwa hiyo, usimuulize mwanafunzi lifti inaelekea wapi, bali muulize mchapuko unaelekea wapi. Lifti inayopanda huku ikipunguza mwendo na ile inayoanza kushuka zote zina mchapuko wa kwenda chini, nazo humfanya mtu ajihisi mwepesi. Inayoanza kupanda na inayoshuka huku ikifunga breki humfanya ajihisi mzito. Asiye na mizani abebe mfuko wa mchele wa kilo tano, vidole vitamweleza.

Tumia mizani ya mshale, maana nyingi za kidijitali hugandisha namba zikishapata kipimo. Mimi nilipoteza safari tatu kwa sababu hiyo, hadi mlinzi akaanza kunitilia shaka. Mabadiliko hudumu sekunde moja au mbili tu, hivyo rekodi mshale kwa simu.

Mtoto hatakosa kuuliza ingekuwaje kama kamba ingekatika na breki zisishike. Mizani ingesoma sifuri, si kwa sababu mvutano umetoweka, bali kwa kuwa mtu, mizani na lifti vingekuwa vinaanguka pamoja. Wanaanga walio kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, takriban kilomita 400 kutoka ardhini, huelea kwa sababu hiyohiyo, ingawa mvutano huko bado ni karibu asilimia 90 ya ule wa hapa chini. "Kumbe wako ndani ya lifti iliyokatika kamba," alisema mpwa wangu, nami nikamwongezea kwamba lifti yao inakimbia pia kwa upande, kasi ya kama kilomita 7.7 kwa sekunde, ndiyo maana haifiki chini.