Ndiyo, Mageta palikuwa na kambi ya wazuiliwa

Ndugu, umeuliza kama ni kweli kisiwa cha Mageta, hapa kwetu Siaya, Kenya, kiliwahi kuwa na jela kama ya Robben Island. Ni kweli, ila wale wa Mageta walikuwa wazuiliwa. Hakukuwa na kesi, hukumu wala tarehe ya kutoka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Serikali ya mkoloni Mwingereza ilitangaza hali ya hatari Oktoba 1952, chini ya gavana Evelyn Baring. Waliokamatwa kwa kushukiwa kuwa Mau Mau, waliopigana na mkoloni, walipangwa katika makundi yaliyopewa majina ya rangi: weupe, wa kijivu, weusi. Aliyekataa kukiri kwamba alikula kiapo cha Mau Mau aliwekwa kwa weusi, na waliohesabiwa kuwa sugu walipelekwa mbali: Mageta na Saiyusi katika Ziwa Victoria, kisiwa cha Manda kule Lamu, Lodwar, Hola. Hebu mfikirie mtu wa Nyeri aliyezoea baridi ya milimani, katikati ya maji na mbu, na hata akiogelea akafika ufuoni, hajui Kijaluo.

Kambi zilizobaki zilianza kufungwa baada ya Machi 3, 1959, wazuiliwa 11 walipopigwa hadi kufa kule Hola. Uingereza ilieleza majuto kwa mateso ya wakati huo mwaka 2013 na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Kwangu mimi hizo ni pesa kidogo mno, tena zilichelewa.

Ukitaka kwenda, boti za Mageta hutoka Usenge. Ukifika, anza na wazee.