Bega likipona, usikimbilie mkuki

Maumivu ya bega huisha kabla bega halijarudisha nguvu. Ndiyo maana warushaji wengi wa mkuki huumia mara ya pili: bega limetulia, mtu anashika mkuki wa gramu 800, anakimbia mbio kamili na kurusha kwa nguvu zote.

Mkuki ukishatoka mkononi, mkono bado unakwenda kwa kasi, na misuli midogo ya nyuma ya bega ndiyo inayousimamisha. Hiyo ndiyo breki yako, ijenge kwanza. Kata utepe wa tyubu ya baiskeli, ufunge kwenye nguzo usawa wa kiwiko. Kunja kiwiko nyuzi 90, bana taulo kati yake na mbavu, kisha vuta kiganja kuelekea nje. Hesabu moja kwenda, tatu kurudi. Mara 15, seti 3, siku tatu kwa wiki. Kule kurudi taratibu ndiko kunakojenga breki, kwa hiyo usiuache mpira ukuvute. Taulo likianguka, kiwiko kimeacha ubavu na misuli mingine imechukua kazi.

Usirushe kitu mpaka uinue mkono juu kabisa bila maumivu, na mkono ulioumia uvute karibu sawa na mwenzake. Kama bega lilitenguka au lilipasuliwa, subiri ruhusa ya daktari; hapo tunahesabu miezi.

Anza na mpira wa tenisi ukiwa umesimama: mitupo 20, mita 15, nusu ya nguvu, kesho yake pumzika. Halafu mpira wa gramu 400, halafu mkuki wa gramu 600, ukiurusha uchomeke ardhini mita chache mbele yako, halafu urushe kwa hatua tatu za kukimbia, halafu tano. Kila wiki badilisha kitu kimoja tu, ama idadi, ama uzito, ama umbali, ama hatua. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kimekuumiza. Bega likiuma mpaka asubuhi ya pili, rudi ngazi moja nyuma.

Kisha tafuta kilichokuumiza tangu mwanzo, maana mazoezi ya utepe hayatibu urushaji mbaya. Julius Yego, bingwa wa dunia wa 2015 kwa mita 92.72, alijifunza mengi kwa kutazama video; wewe jirekodi kwa simu kutoka ubavuni. Simamisha picha pale mguu wa mbele unapokita. Mkono unapaswa kuwa bado nyuma, umenyooka. Ukiwa umeshaanza kuja mbele, bega linafanya kazi ya miguu na kiwiliwili. Tazama pia kiwiko wakati wa kuachia: kikishuka chini ya bega, punguza hatua za kukimbia mpaka kibaki juu.